Farasi na Majitu ya Chaki Vilimani Uingereza: Umri Wao Halisi

Kusini mwa Uingereza kuna vilima ambavyo ukibandua majani na udongo wa juu unakutana na mwamba mweupe wa chaki. Humo watu wamechora farasi na majitu yanayoonekana kutoka mbali, na wengi huamini kwamba yote ni ya kale mno.

Dhana: Michoro yote ilikuwepo kabla ya Ukristo.

Farasi wa Uffington kweli ni mkongwe. Ana urefu wa mita 110 hivi, na vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha alichorwa kati ya 1380 na 550 KK. Hivyo hata hadithi kwamba ni ukumbusho wa ushindi wa Mfalme Alfred mwaka 871 haina mashiko. Lakini wenzake wengi ni wa juzi tu: yule wa Osmington, aliyempakia Mfalme George wa Tatu, ni wa 1808. Mtu Mrefu wa Wilmington naye, kwa uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Reading wa 2003, ni wa karne ya 16 au 17.

Dhana: Jitu la Cerne Abbas lilichorwa na Warumi, au ni kejeli dhidi ya Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wa karne ya 17.

Hapa ndipo ubishi ulikuwa mkali zaidi. Jitu hili lina mita 55, liko uchi, limeshika rungu. Maandishi ya kwanza kulitaja ni hesabu za kanisa za 1694, za gharama ya kulikarabati, ndiyo maana wengi walishikilia kwamba ni la karne hiyohiyo ya 17. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa dhaifu tangu mwanzo, kwani kitu hukarabatiwa kikiwa kimeshachakaa. Mwaka 2021 National Trust, shirika la kuhifadhi turathi, ilitangaza majibu. Wanasayansi walipima chembe za mchanga zilizofukiwa chini ya mchoro, wajue ziliona jua mara ya mwisho lini, wakapata kati ya 700 na 1100 BK. Kambi zote mbili zilikosea.

Dhana: Ukishafyeka majani, mchoro unadumu wenyewe.

Farasi wa Uffington ni mitaro iliyochimbwa na kushindiliwa chaki. Ukiachwa bila kuhudumiwa, mchoro humezwa na majani. Vizazi kwa vizazi watu wamekuwa wakiupalilia, na hadi leo wanaojitolea hupiga magoti kilimani na nyundo, wakiponda chaki mpya juu ya ile ya zamani.