Je, wajua kwa nini pini ya juu ya plagi ni ndefu kuliko mbili za chini?

Kwa vinyozi wa hapa Tabora, iwe Isevya au Ng'ambo, kamchezo ni kale kale. Chaja ina pini mbili za duara, soketi ina matundu matatu, basi kalamu inazamishwa tundu la juu, vidirisha vya matundu ya chini vinafunguka, plagi inasukumwa, kazi inaendelea. Kwa kinyozi nitanyamaza. Ila siku moja nilimkuta muuguzi wa zahanati moja nje ya mji akifanya hivyo hivyo kwa mashine ya kufyonza makohozi iliyoletwa kwa msaada kutoka Ulaya. Nikamwambia, "Dada, kalamu hiyo inafanya nusu tu ya kazi ya pini."

Plagi yetu ya pini tatu bapa ni ya kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Pini ya juu imezidi zile mbili kwa kama milimita 5, na urefu huo una kazi mbili. Kwanza ni ufunguo: inafungua vidirisha, ili mtoto asichokoe kwa msumari akakutana na moto. Hiyo ndiyo kazi ambayo kalamu inaiweza. Ya pili ndiyo kubwa. Pini hiyo ni ya ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, na kwa urefu wake huwahi kugusa kabla umeme haujaingia. Ukichomoa, huwa ya mwisho kuachia. Mashine haipati umeme hata sekunde moja bila njia ya kuumwaga ardhini.

Hospitalini jambo hili ni zito, maana mashine ya umeme, hata ikiwa mpya, huvujisha umeme kidogo mno kwenda kwenye bodi yake. Ethi huuchukua. Ethi ikikosekana, umeme huo hupita popote palipo wazi, hata kwa mgonjwa aliyeunganishwa na mashine. Mtu mzima huanza kuhisi umeme ukifika kama miliampia 1. Kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba huruhusu miliampia 0.1 tu kumfikia mgonjwa mashine ikiwa nzima, na kwa kifaa kinachogusa moyo moja kwa moja, 0.01. Waya ukishafika moyoni, ngozi haimkingi tena.

Plagi ya duara ya Ulaya nayo ina ethi, lakini imo kwenye vibati vya ubavuni, ambavyo kwenye soketi zetu havikutani na chochote. Halafu haina fyuzi, wakati ya kwetu inayo ndani yake. (Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba imekingwa maradufu, haihitaji ethi. Usiihukumu kwa pini mbili zake.)

Nyaya za kupima moyo nazo zilikuwa na balaa lake. Zamani ncha zake zilikuwa pini tupu, na Marekani watoto waliwahi kufa baada ya nyaya hizo kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani kimakosa. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya huko ikaagiza ncha zifichwe ndani ya plastiki, zisiweze kuingia kabisa. Ukinunua nyaya za bei chee, anza kutazama hapo.

Lingine ni mshiko. Otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, ikiwa ya wati 2,000 huvuta kama ampia 9. Plagi ikilegea, au vumbi letu la kiangazi likijaa kwenye soketi, ukinzani wa omu 0.2 tu pale zinapogusana unazalisha wati 16 za joto, sawa na chuma kidogo cha kulehemu redio. Ndiyo maana plastiki inageuka kahawia na kunuka. Adapta huongeza sehemu nyingine ya kulegea, kwa hiyo mimi siitaki kwenye wodi. Kama waya wa mashine unachomoka nyuma kama wa kompyuta, tafuta waya mwingine wenye plagi ya pini tatu na ampia zinazotosha. Kama hauchomoki, fundi akate plagi ya duara na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi sahihi, ethi ikiwemo.

Na plagi ikishaungua, badilisha na soketi pia. Chuma cha ndani kilichopata moto hakibani tena, na plagi mpya utakayoichomeka humo itaungua vilevile.