Injini ni ileile, lakini tazama kisogo chake

Mtu huniletea injini iliyotolewa kwenye gari kuukuu la otomatiki, anataka niifunge kwenye lake la manyuali. "Fundi, ni ileile, hata namba zake zinafanana." Sibishi. Pistoni haijui gari lina gia za aina gani. Mimi huzunguka nyuma, kwenye kisogo cha injini, maana huko ndiko zinakoachana.

Ya manyuali ina flaiwili, sahani nene ya chuma, nzito kwelikweli. Uzito huo hutuliza mitikisiko ya injini, na uso wake laini ndio unaobanwa na klachi pleti. Ya otomatiki ina bati jembamba tu, flekspleti. Halisuguani na kitu. Hubeba meno ya stata na kushikilia toki konveta, kifaa kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, na uzito uko kwenye hiyo konveta iliyojaa oili. Bolti nazo usizichanganye. Za flaiwili kwa kawaida ni ndefu zaidi. Ukiifunga kwa zile fupi za bati, zitashika nyuzi chache, na siku zikiachia usiwe karibu.

Halafu ingiza kidole katikati ya krenki, ile shafti kuu ya injini inayozungushwa na pistoni. Kwenye magari mengi ya zamani yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ncha ya shafti ya giaboksi ya manyuali hukaa hapo, ndani ya beringi ndogo au bushi. Injini ya otomatiki mara nyingi haina beringi hiyo, na nyingine hata tundu halikuchongwa hadi mwisho. Nimewahi kukuta shafti imekatwa ncha kwa msumeno ili iingie. Kuingia iliingia, ila haikuwa na pa kuegemea, ikayumba hadi ikala beringi za giaboksi.

Rejeta ya otomatiki huwa na mabomba mawili ya kupoza oili ya giaboksi. Kwenye manyuali hayana kazi. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi nyuma, pima urefu kabla hujanunua.

Kinachowahangaisha wengi ni waya. Otomatiki ina swichi inayozuia stata isipokuwa gia iko P (kuegesha) au N (gia huru). Ukiitoa giaboksi hiyo na waya ukaziacha zinaning'inia, gari halitawaka, na watu hubadilisha betri na stata bure. Zipeleke kwenye swichi ya pedeli ya klachi, ili gari liwake pale tu pedeli inapokanyagwa.