Dawa ya Sonona Haihukumiwi kwa Wiki Moja

Wagonjwa wengi wa sonona, yaani ugonjwa wa akili wa huzuni na kukosa hamu kunakodumu, tunaowahudumia Dar es Salaam hawaji wakilalamikia huzuni. Huja na kichwa kinachouma kila siku, moyo kwenda mbio, mwili mzito, au usingizi unaokatika saa tisa usiku na usirudi tena. Wameshapimwa malaria na taifodi, wamemeza dawa, na hali ipo palepale. Ukiwauliza taratibu ndipo unapoyasikia mengine: mama lishe hana hamu hata ya kuwasha jiko, kijana ameacha kwenda kuangalia mpira na wenzake, mama aliyejifungua juzijuzi analia na kujiona hafai kulea.

Hali hiyo ikidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, ikavuruga kazi na maisha ya nyumbani, ni ugonjwa unaohitaji tiba. Dua na maombi hatuyakatazi, ila hospitali nayo ufike. Daktari huangalia pia upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo, kwani huleta dalili zinazofanana.

Sonona isiyo kali mara nyingi hutibika kwa mazungumzo pekee. Mtaalamu hatoi mawaidha. Mnachambua pamoja mawazo kama "mimi ni mzigo kwa watu", kisha mnapanga hatua ndogo: kuoga asubuhi, kutembea hadi gengeni, kumpigia dada simu. Nchini Zimbabwe, wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao mabibi, walifundishwa kutoa msaada wa aina hii wakiwa wamekaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa dalili zilipungua zaidi kwa waliohudumiwa hivyo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida.

Sonona ikiwa kali, dawa huongezwa, kama fluoksetini au amitriptilini. Hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa wengi, na inaniuma. Wiki ya kwanza huleta kichefuchefu, mdomo kukauka au kusinzia, na nafuu bado haijaonekana. Mgonjwa anasema dawa haimfai, anaiacha. Nafuu kwa kawaida huanza kati ya wiki ya pili na ya nne, kwa wengine hadi ya sita. Mwingine huvumilia, akajisikia vizuri, akaacha mwezi wa pili, ugonjwa ukarudi. Baada ya kupona, dawa huendelea angalau miezi 6, mara nyingi 9 hadi 12, kisha daktari huipunguza kidogo kidogo. Si dawa za kulevya. Usigawane na jirani: amitriptilini ikizidi kipimo huweza kuua.

Ndugu yenu akisema amechoka kuishi, msimkemee. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Ondoeni dawa na sumu karibu naye, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali usiku huohuo, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili. Mkifika, mwambieni daktari maneno yake kama alivyoyasema, msiyapunguze kwa kuona aibu.