Fluoresensi: mwanga unavyofichua mgeni amejishika wapi

Kurkumini, kiini cha rangi ya manjano yetu ya jikoni, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Wakemia huiingiza ndani ya siklodekstrini, pete ya sukari inayotokana na wanga. Ile ya aina ya beta ina glukosi 7: nje inapatana na maji, katikati ina tundu linaloyakataa. Pete hiyo huitwa molekuli mwenyeji, na kurkumini ni mgeni. Je, viwili hivi vikikutana na albumini, protini iliyojaa kwenye damu, mgeni hubaki kwa mwenyeji wake au huhamia kwenye protini?

Fluoresensi hutumika kujibu swali hilo. Ni hali ya molekuli kufyonza mwanga na kuutoa tena baada ya nanosekunde chache, ukiwa umepungua nishati. Albumini ya binadamu ina asidi amino (vijenzi vya protini) 585, na kati yake triptofani ni moja tu, ile ya 214. Hiyo ni bahati kubwa. Ukiimulika kwa miali ya urujuanimno ya nanomita 295, karibu mng'ao wote unatoka hapo tu. (Ukitumia 280, tairosini 18, asidi amino za aina nyingine, nazo zinajitia.) Tena triptofani hiyo imepakana na mfuko ambamo dawa ya warfarini hujishika, kwa hiyo mgeni akiingia humo, mng'ao hufifia.

Basi unamwongeza mgeni kidogo kidogo huku ukipima, kisha unakokotoa nguvu ya mshiko. Rudia kukiwa na siklodekstrini: mng'ao usipofifia sana kama mwanzo, huenda mwenyeji anamng'ang'ania mgeni wake.

Nimesema huenda, maana kufifia peke yake hakuthibitishi kitu, na hapa ndipo wengi huharakisha. Molekuli zikigongana tu na kuachana, mng'ao pia hupungua. Kurkumini nayo hufyonza mwanga njiani kabla haujaifikia protini, na usiposahihisha hilo utasoma mshiko usiokuwepo. Pima muda wa mng'ao: migongano huufupisha; mshiko unaozima kabisa hauugusi, kwani triptofani zilizosalia huru zinang'aa kwa muda ule ule.

Unaweza pia kummulika mgeni mwenyewe kwa nanomita 420, mwanga ambao albumini haiufyonzi. Kurkumini hung'aa hafifu kwenye maji, ila ndani ya albumini hung'aa sana. Ndani ya siklodekstrini nako huongezeka, kwa hiyo pima kwanza kila jozi peke yake.