"Weka barafu, kesho itakuwa sawa"

Juma lililopita mteja aliingia kliniki yangu hapa Hurlingham, Nairobi, ameshikilia barafu mdomoni. Alidungwa fila, jeli ya kujaza midomo au uso, jana yake, sebuleni mwa mtu, Kilimani. Alipolalamika, aliyemdunga alimjibu kwa WhatsApp: uvimbe ni kawaida, weka barafu, kesho itakuwa sawa.

Neno hili nimelisikia mpaka nimechoka. Kuvimba ni kawaida, siku mbili tatu, hata kuvilia damu. Ngozi kupauka si kawaida. Juu ya mdomo wake palikuwa na baka jeupe lililopanda hadi puani, kando yake mistari ya zambarau iliyosukana kama wavu. Nilibonyeza kwa kidole nikaachia. Rangi hurudi kwa sekunde mbili hivi. Yake ilichukua tano. Fila ilikuwa imeziba ateri, na ngozi ile ilikuwa inakufa taratibu huku barafu ikizidi kuibana mishipa tunayotaka ifunguke. Dawa ni haialuronidesi, inayoyeyusha fila ya asidi ya haialuroniki. Hudungwa mapema, kwa dozi kubwa, na kurudiwa mpaka rangi irudi. Jioni ile tulimdunga mara tatu. Rangi ilirudi, lakini amebaki na kidonda chini ya pua ambacho pengine asingekipata angekuja usiku uleule.

Basi tazama rangi, si ukubwa wa uvimbe. Wala usingoje maumivu, maana fila nyingi zimechanganywa na lignokeini, dawa ya ganzi. Na kabla hujakubali kudungwa, uliza: haialuronidesi ipo hapa, leo? Akisita, chukua mkoba wako uondoke.

"Lakini daktari, si fila inayeyushwa tu?" Ya asidi ya haialuroniki, ndiyo. Fila ya silikoni haina dawa ya kuiyeyusha. Kuitoa ni kisu. Ndiyo maana nasisitiza sanduku lifunguliwe mbele yako, na stika yenye namba ya bechi uipige picha.

Wapo wanaoamini fila haiwezi kupofusha kwa sababu inakaa juu juu. Ni nadra, ila inaweza. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeungana na ya jicho, na fila ikisukumwa kwa nguvu ndani ya ateri hurudi nyuma hadi kwenye ateri ya retina, ndani ya jicho. Jicho likiingia giza, nenda hospitali yenye daktari wa macho dakika hiyohiyo, usipitie kwangu.

Kope iliyoshuka baada ya Botox, dawa ya kulegeza misuli, hupanda yenyewe baada ya wiki kadhaa, dawa inapoisha nguvu. Haialuronidesi haiigusi Botox, msiniombe.

Na huyu anayesema yuko salama kwa kuwa miezi sita imepita tangu adungwe fila: vinundu vigumu huweza kujitokeza miezi mingi baadaye, hata miaka, wakati mwingine baada ya mafua makali au kutibiwa jino. Usivikande wala kuvikamua. Njoo, na uje na ile picha ya stika.