Je, wajua kwa nini samaki anaogelea kwenye maji yenye zebaki na hafi?

Juzi mdogo wangu kaja Dodoma akitokea Iramba huko Singida, anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, za wachimbaji wadogo, nikamkalisha jikoni tukawa tunapara perege wa Mtera niliowanunua sokoni Majengo, na stori ikaangukia kwenye zebaki. Wenzetu dhahabu wanaikamata kwa zebaki, ile metali inayotiririka kama maji, unaikoroga na mchanga uliosagwa kwenye beseni, inameza vile vipunje vya dhahabu, alafu unachoma, zebaki inaondoka na moshi dhahabu inabaki. Maji ya beseni yanamwagwa, mvua ikinyesha yanashuka korongoni. Akaniambia, "Dada, watu wanatutisha tu, kule kwetu bwawani samaki wapo kibao na wanaogelea fresh, zebaki ingekuwa sumu kihivyo si wangeshakufa wote?"

Hili swali nimelisikia kwa watu wengi na ni swali la akili kabisa, ila jibu lake liko ndani ya huyo huyo samaki tuliyekuwa tumemshika mkononi.

Nikamfunulia perege mmoja kifuniko cha shavu, ndani kuna matamvua, yale mekundu yaliyopangana kama meno ya kitana. Ukiyavuta taratibu kwa kidole unaona kila jino ni uzi mwembamba, na kila uzi una vikunjo vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Pale damu na maji vimetenganishwa na ngozi nyembamba mno, mana samaki anatakiwa aipate oksijeni iliyoyeyuka majini, na akifungua mlango wa oksijeni basi na vingine vinajaribu kupita hapo hapo. Samaki wa maji baridi, yani yasiyo ya chumvi, anahitaji kalsiamu na sodiamu kutoka kwenye maji kwaiyo ana vijimlango maalum vya kuvivuta, sasa kadimi, ile metali iliyokuwa kwenye betri za kuchaji za zamani, ukubwa wake unakaribiana sana na kalsiamu, inapita mlango wa kalsiamu kama mgeni aliyevaa sare ya wenyeji. Shaba inajipenyeza kwenye mlango wa sodiamu.

Hapa sisi watu wa Dodoma tuna mfano nyumbani. Unajua ule ukoko mweupe unaoota ndani ya birika ukichemsha maji ya kisima? Hiyo ndo kalsiamu, maji yetu ni magumu. Samaki akiwa kwenye maji magumu kama hayo kalsiamu inakuwa nyingi pale mlangoni, inaisukuma kadimi nje ya foleni, kwaiyo kiasi kile kile cha sumu ambacho kingemuua samaki kwenye maji laini, kwenye maji magumu anaweza kukivumilia. Mimi hii iliponiingia akilini sikuliangalia tena birika langu vile vile.

Samaki akihisi metali kwenye matamvua kitu cha kwanza anatoa ute, ute unainasa metali kabla haijagusa ngozi alafu anausukuma nje. Anakohoa pia, kabisa, samaki anakohoa, anarudisha maji kinyume kwa nguvu ili kujisafisha. Ila ute ukizidi unaziba njia ya hewa, na sumu ikiwa kali kweli kweli anakufa kwa kukosa pumzi akiwa katikati ya maji. Kome yeye anafunga gamba lake na kusubiri, masaa au hata siku, mpaka njaa na hewa vimlazimishe kufungua.

Metali ikishaingia kwenye damu kazi inakuwa nyingine. Chukua msumari uache nje kipindi cha mvua, unaota kutu, ile ni oksijeni inaula msumari. Oksijeni hiyo hiyo inayotuweka hai ina tabia ya kuchachamaa, ndani ya seli kila mara zinazaliwa chembe za oksijeni zenye hasira zinazong'ata chochote kilicho karibu, mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata vinasaba. Zikiwa chache mwili unazimudu, zikizidi uwezo wa mwili kuzituliza ndo wataalamu wanaita msongo wa oksidesheni, ni kama seli inaota kutu. Na metali nzito zinazidisha hayo kwa njia mbili. Shaba na chuma zinachochea zenyewe, zikikutana na haidrojeni peroksaidi, kemikali inayozaliwa humo humo ndani ya seli, zinaigeuza kuwa chembe kali kuliko zote. Zebaki, kadimi na risasi (ile metali ya kwenye betri za gari) zenyewe hazichochei moto hivyo, zinafanya kitu kibaya zaidi kwa maoni yangu, zinawanyang'anya wazima moto ndoo.

Wazima moto wenyewe ni hawa. Kuna kimeng'enya, yani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kinachoitwa supaoksidi dismutasi, kazi yake ilijulikana mwaka 1969, kinazikamata zile chembe za mwanzo na kuzigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi, na cha ajabu aina yake moja kubwa imetengenezwa kwa shaba na zinki, yani metali ile ile ikikaa mahali pake ni mlinzi na ikizurura ni mwizi. Kisha inakuja katalasi inaivunja ile peroksaidi kuwa maji na oksijeni, molekuli mamilioni kwa sekunde moja. Ulishawahi kumwagiwa kidondani ile dawa inayotoa povu jeupe? Dawa ile ni haidrojeni peroksaidi, na lile povu ni katalasi yako wewe inafanya kazi mbele ya macho yako, na ndani ya ini la perege kuna hiyo hiyo. Wa tatu ni glutathioni, kidude kidogo cha amino asidi 3 tu, zile tofali za kujengea protini, kina salfa ambayo inajitoa sadaka kuzima chembe kali. Zebaki inaipenda salfa hiyo kupita kiasi, ikiiona inaing'ang'ania haiachii, na kila glutathioni iliyoshikwa na zebaki haizimi tena moto wowote.

Ndo maana samaki ana silaha nyingine, mimi naipenda kuliko zote. Inaitwa metalothionini, ni protini ndogo ya amino asidi sitini na kitu, na kama theluthi yake yote ni zile zenye salfa, yani ni mtego mtupu. Iligunduliwa mwaka 1957 kwenye figo za farasi, baadae ikaonekana kwa samaki, kome, kaa, na sisi wenyewe tunayo. Moja inaweza kushika kadimi 7 kwa mpigo. Metali ikiingia ini linapewa taarifa, linaanza kutengeneza protini hii kwa wingi, metali inafungiwa humo na kukaa ini na figo bila kuzurura. Kaa sehemu ya mzigo wanaitupa wakijivua gamba, na chaza wanaifungia kwenye vipunje vigumu ndani ya mwili.

Kwaiyo samaki hafi, lakini analipia. Chakula ambacho kingekuwa mnofu na mayai kinaenda kutengeneza mitego, anakua taratibu, anataga kidogo. Shaba hata ikiwa kidogo inaharibu uwezo wake wa kunusa, na samaki mwenzake akijeruhiwa ngozi inatoa harufu ya kuwaonya wengine, sasa asiyenusa anabaki pale pale adui anakuja anamchukua. Ukipita kando ya bwawa utaona maji yametulia na samaki wanarukaruka.

Alafu zebaki ina ujanja wake wa pekee. Ikitulia kwenye tope bakteria wanaigeuza kuwa methili-zebaki, hii inaingia mwilini haraka na kutoka taratibu mno. Vidudu vidogo wanaila, samaki wadogo wanawala vidudu, samaki mkubwa anawala wadogo mia, mzigo wote unabaki kwake, mpaka kiasi kilichomo kwa samaki mlaji kinaweza kuzidi cha majini mara milioni. Kadimi na risasi ukitoa matumbo, ini na figo umepunguza sehemu kubwa. Methili-zebaki inakaa kwenye mnofu wenyewe, ukikaanga ipo, ukichemsha ipo. Kule Minamata, Japani, ambako kiwanda cha kemikali kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, paka wanaokula samaki walianza kupepesuka na kudondoka, na mwaka 1956 ugonjwa ukatangazwa kwa watu, wavuvi na familia zao, na watoto waliozaliwa na ubongo ulioathirika kwa sababu ya samaki aliokula mama.

Dogo alinyamaza kidogo. Akaniuliza, sasa unajuaje, kama kumwangalia samaki haitoshi? Nikamwambia wanaopima hawaangalii kama anaogelea, wanachukua ini lake, wanapima metalothionini imepanda kiasi gani, glutathioni imebaki kiasi gani, mafuta ya seli yameungua kiasi gani, na mnofu wanaupima zebaki. Akachukua lile ini la perege kwenye sahani ya uchafu, dogo kama ncha ya kidole, akaligeuza geuza. Alafu akaniambia mke wake ana mimba ya miezi 4 na samaki wa lile bwawa la kwao wanakula karibu kila siku, akatoka nje na simu kumpigia.