Saratani ya umio: Kenya imechunguza chanzo, ushahidi wa tiba bado tunaazima

Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo wengi huiita saratani ya koo, imetafitiwa Kenya kuliko watu wanavyodhani. Tatizo ni kwamba tafiti zetu zimelalia upande mmoja. Tunajua mengi kuhusu kinachoileta na namna ya kuiona mapema, lakini tiba anazopewa mgonjwa hapa Nairobi zilijaribiwa kwa watu wa ng'ambo.

Kwa chanzo, tumepiga hatua. Katika utafiti uliofanyika Eldoret kuanzia 2013, Chuo Kikuu cha Moi na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, waliwalinganisha wagonjwa zaidi ya 400 na watu wasio na ugonjwa huo. Waliozoea chai ya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara 3 ya wale wanaoinywa ya vuguvugu. Chang'aa na busaa nazo zilihusishwa. Tangu 2016 shirika hilo limeweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa hiyo chai ikishamiminwa, iache dakika kadhaa. Ikiwa bado unainywa kwa kuivuta na hewa ndipo uimudu, haijapoa.

Huko Bomet, Hospitali ya Tenwek iliwapima watu 305 wasio na dalili yoyote. Daktari alipitisha kamera hadi kwenye umio, kisha akanyunyizia dawa ya iodini ya Lugol. Chembe zenye afya zina akiba ya sukari, basi hugeuka rangi ya kahawia. Zilizoanza kuharibika hubaki na umanjano, na hapo ndipo kinyofu cha nyama huchukuliwa. Takriban watu 14 kwa kila 100 walikuwa na mabadiliko, mengi yakiwa mepesi. Hayo si saratani, lakini yanahitaji kufuatiliwa. Mwenye mzio wa iodini au ugonjwa wa tezi ya shingo amwambie daktari kabla ya kipimo hiki.

Upande wa tiba ni hadithi nyingine. Utaratibu unaotumika sana kabla ya upasuaji ulitoka Uholanzi, katika jaribio la CROSS lililochapishwa 2012 likiwa na wagonjwa 366: dawa za kemo karboplatini na paklitakseli mara moja kwa wiki kwa wiki 5, pamoja na vipindi 23 vya mionzi. Nusu ya waliopata tiba hiyo waliishi zaidi ya miezi 49. Waliopasuliwa tu, miezi 24. Ni matokeo mazuri, hata kwa aina ya saratani iliyo kwetu, inayoanzia kwenye chembe bapa za utando wa umio. Ila wenye aina hiyo hawakufika robo ya wagonjwa wale, na hapa Kenya ni zaidi ya 9 kati ya 10. Isitoshe, aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito hakuruhusiwa kushiriki. Mgonjwa wetu wa kawaida hufika akiwa ameshaacha ugali, akahamia uji, na sasa hata maji yanamkwama. Huyo huhitaji kwanza stenti, bomba la waya linalofungua njia ili ale. Je, akipewa mionzi na dawa zile zile atanufaika kiasi gani? Swali hilo lapaswa kujibiwa hapa, kwa wagonjwa wa hapa.

Majaribio ya tiba huweza kukwama kwenye kitu kidogo: sampuli, yaani vinyofu vya nyama vinavyopelekwa maabara. Vinyofu visipungue 6, vitolewe ukingoni mwa kidonda, kwa sababu katikati huwa nyama iliyokufa. Viingizwe papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa mara 10 ya nyama. Kinyofu kimoja kinaweza kuonyesha uvimbe wa kawaida tu usio wa saratani, na mgonjwa akarudi kufanyiwa kamera upya huku wiki zikiyoyoma. Jamaa akikabidhiwa chupa aipeleke maabara, aende siku hiyo hiyo. Bila jibu la maabara hakuna jaribio linalomkubali mgonjwa.

Ukialikwa kushiriki, omba nambari ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti. Dawa mpya ikihusika, pawe na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu pia. Usitie sahihi fomu ya ridhaa kwa lugha usiyoielewa. Uliza nani analipia picha za CT na nauli, nani atakutibu ukidhurika, na sampuli yako itahifadhiwa wapi. Kujitoa ni haki yako wakati wowote, na matibabu yako ya kawaida hayakatwi.

Chakula kikikwama kifuani zaidi ya wiki 2, usiendelee kununua dawa za asidi dukani. Omba kipimo cha kamera, ufunge kula angalau saa 6, na ubebe orodha ya dawa unazotumia, hasa za sukari na za kuzuia damu kuganda.